Waliopumzika Chumba cha Juu

Jumapili, 3 Machi

Jana, Jumamosi tarehe 2 Machi, kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, tumepoteza chumba cha juu cha wanawake katika maktaba ya wakfu hapa Dunda. Viti kumi na vinane, meza tatu, mikeka miwili, kabati moja la vitabu vya kidato cha kwanza hadi cha nne. Mlango umetiwa kufuli jipya. Naandika idadi na saa kwa sababu watu wa mji huu wana maneno mengi na kumbukumbu chache. Baada ya miezi miwili nitaambiwa chumba hicho hakijapata kuwapo.

Habari nimeipata kwa Ummy, jirani yangu anayewapaka wanawake hina.

"Shoga, wamekung'olea meza zako."

"Zangu tena?"

"Si wewe uliyekuwa ukijisifu kwamba ile maktaba unaijua kuliko wenyewe? Basi kaijue na kufuli."

Nimekwenda kuona. Ngazi ya uani ipo, ile inayopandia kichochoroni, ambayo mwanamke huipanda bila kukatiza ukumbi wa wanaume wala kupita kaunta. Nimeipanda yote, nikashika kufuli kama mwizi, nikashuka.

Funguo anazo mtu mmoja tu, Mzee Yunus, mkutubi.

Jumatatu, 4 Machi

"Shikamoo, Mzee Yunus."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Mama hajambo?"

"Hatujambo. Chumba cha wanawake kiko wapi?"

"Kiko juu."

"Najua kiko juu, hakijaota miguu. Nauliza viti."

"Kamati imeamua."

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu za kamati." Akarudi kwenye gazeti lake. Gazeti la juzi.

Naandika hapa wazi: mzee huyu ni adui wa chumba kile.

Mimi si mtu wa kulia. Shule nilitolewa darasa la saba nikauze vitumbua. Nilijisomesha ukubwani, nikapata cheti cha takwimu, nimehesabu samaki ufukweni Mbegani miaka minne na kuandikisha kaya za Mapinga kwenye jua la utosi. Na kamati hiyohiyo ya wakfu ndiyo iliyonipa kazi mwaka jana ya kutafiti jinsi wasomaji wanavyoiona maktaba yao. Kwa hiyo sitapiga kelele. Nitahesabu. Wanasema ukumbi wa chini uko wazi kwa wote. Haya, tuone.

Jumanne, 5 Machi

Ukumbi wa chini, saa tatu hadi saa sita. Wanaume 22, wanawake 0.

Jumatano, 6 Machi

Wanaume 19, mwanamke 1. Alikuja kumwita mwanawe.

Alhamisi, 7 Machi

Wanaume 24, wanawake 0. Mawingu ya masika yameanza kukusanyika.

Jumanne, 12 Machi

Mwezi umeandama. Wanaume 31, wanawake 0. Mwezi wa toba, ukumbi umejaa wanaokwepa jua.

Jumatano, 20 Machi



Asubuhi nimempeleka mama zahanati kupimwa presha. Mvua imetushika njiani, tumefika tumelowa chapachapa. Mama akaitwa, nikabaki barazani kwa wagonjwa. Muuguzi anaita namba, mtu ananyanyuka, anaingia. Kazi yangu ya zamani haijanitoka, nikaanza kuhesabu. Namba kumi na mbili, namba kumi na tatu. Benchi la nyuma, ubavuni mwa ukuta, wanawake wanne. Namba ishirini. Wanne palepale. Namba thelathini na moja. Hakuna aliyenyanyuka, hakuna aliyeuliza, hakuna aliyekohoa.

Mmoja alikuwa ameshika kadi ya kliniki, ameifungua, anaitazama kama mtu anayesoma barua ya mume aliye mbali. Nikasogea nikijifanya natafuta pa kukaa. Ndani ya kadi mlikuwa na karatasi iliyokunjwa. Maumbo ya pembetatu. Hesabu za kidato cha pili.

Nikamtazama usoni. Samia, mke wa Mwinjuma. Mwinjuma yule wa kamati ya wakfu.

Nikakaa kando yake. Yeye hakuinua macho.

"Unaumwa nini, Samia?"

"Kichwa."

"Tangu lini?"

"Tangu tarehe mbili."

Mvua inapiga bati mpaka muuguzi anapayuka kuita namba. Kisha akasema polepole, midomo haichezi, "Mume wangu asijue. Wala wifi zangu. Na wewe usijue."

"Kwani ni dhambi?"

"Da Zaina, usijifanye mgeni. Mtihani unatangazwa? Ukiutangaza, wa kijicho anakaa kitini kabla yako. Na ukianguka, mji mzima utakupigia vigelegele. Nyumbani kwangu mna watu kumi na mmoja. Nikifungua kitabu, wanne wataniuliza nimepatwa na nini."

"Kwa nini hapa?"

"Hapa mwanamke akikaa saa tatu hakuna anayemuuliza kitu."

Mama ametoka, presha yake nzuri. Yangu sijui.

Alhamisi, 21 Machi

Benchi la zahanati: 5. Ukumbi wa chini wa maktaba: 0.

Jumatatu, 25 Machi

Benchi: 7. Mmoja ana mimba ya kweli, angalau huyo ana kisingizio. Mvua haijakatika tangu alfajiri.

Jumatano, 3 Aprili

Leo nimekwenda kumpasha Mzee Yunus. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Nikafika kaunta, nikamwambia, kwa heshima ya umri wake, kwamba amewatoa wanawake chumbani akawapeleka kwenye benchi la wagonjwa, na Mungu anaona.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akafungua mtoto wa meza, akatoa ripoti yenye jalada la buluu.

"Soma ukurasa wa kumi na moja."

"Ripoti hii naijua, nimeiandika mimi."

"Ndiyo maana nakwambia usome."

Jedwali la nne. Nililipanga mwenyewe Oktoba, nikalipigia mistari mwenyewe. Wanawake waliohojiwa 73. Swali: Unapopanda chumba cha juu, unafanya nini? Kusoma, 9. Kupumzika, 58. Mengineyo, 6. Na chini yake sentensi yangu, kwa mkono huu huu unaoandika sasa: asilimia 79 ya wanawake hukitumia chumba cha juu kwa kupumzika, si kwa kusoma.

Nimelipitia tena kwa kidole, mstari kwa mstari.

Nakumbuka kila kitu. Nilikaa mwisho wa ngazi ya uani na ubao wangu wa kuandikia, kalamu mbili, sura ya kazi. Juu ya kila karatasi palikuwa na mstari wa kujaza jina. Wapita njia wamesimama kichochoroni wanasikiliza, maana mji huu hauna kazi. Mwanamke anashuka, namuuliza kwa sauti, "Mwenzangu, huko juu unafanya nini?" Anatazama wapita njia. "Napumzika tu, dada." Nami naweka alama. Anafuata mwingine. "Nimekaa tu, napumzika." Alama. Hamsini na wanane wananijibu vilevile, na mimi mzaliwa wa Dunda, mjukuu wa watu wanaoficha safari mpaka chombo kimeng'oa nanga, nafurahi kwamba majibu yanashabihiana!

"Mzee," nikasema, "wewe ulijua?"

"Mimi ndiye ninayefagia juu. Anayepumzika hachongi penseli."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Niseme siri za wake za watu? Nimeandika barua tatu kwa kamati kwamba chumba kiachwe. Nakala hizi hapa. Wakaniuliza nina takwimu gani. Nikasema sina, nina ufagio." Akairudisha ripoti mezani. "Takwimu zako zilizishinda barua zangu, mwanangu."

Nakifuta nilichokiandika tarehe 4 Machi. Sikichani, nakifuta kwa mstari mmoja ili kisomeke.

Alhamisi, 4 Aprili

Nimefuturu uji tu.

Lililonikosesha usingizi si jedwali. Miaka miwili ya maisha yangu nilipanda ngazi ile. Nikishuka, wifi yangu wa wakati ule akiniuliza natoka wapi, nilimjibu nini? Nilimjibu nimekwenda kupumzika.

Ijumaa, 5 Aprili

Kukaa na majuto hakuongezi kiti hata kimoja. Nahitaji hesabu mpya, isiyo na jina, isiyo na sauti, isiyo na mtu wa kumtazama mjibuji usoni.

Nimekwenda kwa Ummy. Siku hizi za kuelekea Idd wanawake wanamiminika kwake kupakwa hina na piko, toka asubuhi mpaka karibu na futari.

"Nipe nyuma ya pazia lako kwa siku nne."

"Uoshe maiti?"

"Niweke mtungi."

Nimeweka mtungi wenye shingo nyembamba, usioonyesha kilichomo. Kando yake bakuli mbili, choroko na kunde. Ummy anamwambia kila mteja aliyewahi kupanda chumba cha juu: ingia peke yako, kama ulikuwa ukijisomea mtihani tia choroko moja, kama ulikuwa ukipumzika kweli tia kunde moja, halafu toka usinihadithie.

"Na mwenye kutia mbili?" Ummy akauliza.

"Kwani wewe utakuwa nyuma ya pazia umwone?"

"Hapana."

"Basi hesabu vichwa vinavyoingia, mtungi niachie mimi. Zikizidi nitajua."

Jumatano, 10 Aprili

Idd Mubarak. Nimeumimina mtungi kwenye sinia kabla hata ya kuonja pilau. Vichwa alivyohesabu Ummy, 55. Punje, 55. Choroko 49, kunde 6. Asilimia 89 walikuwa wakisoma.

Nimezihesabu mara tatu. Nilitamani zigeuke nionekane sikukosea mwaka jana. Hazikugeuka.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimekwenda nyumbani kwa Bi Nasrin, mwenyekiti wa kamati. Maktaba ni wakfu wa babu yake. Tangu utoto wangu namheshimu mama huyu. Ndiye mtu wa kwanza wa ukoo mkubwa aliyeniita kwa jina langu badala ya "we muuza vitumbua".

Amenipokea vizuri, kahawa na tende. Nimemweleza choroko na kunde. Amesikiliza, mikono mapajani.

"Lakini Zaina, sisi si tuliwauliza wenyewe? Wenyewe wakasema wanapumzika. Tuwatilie maneno kinywani?"

"Tuliwauliza vibaya, Bi Nasrin. Niliwauliza mimi, mlangoni, mbele za watu."

"Na sasa umeuliza kunde."

"Kunde hazina wifi."

Amecheka. Amenishika mkono. "Tutaliangalia, mwanangu."

Nimerudi kwenye matope nimefurahi.

Jumatatu, 29 Aprili

Benchi: 6. Bi Nasrin na wenzake bado wanaliangalia.

Ijumaa, 3 Mei

Redio inaonya watu wasiende baharini. Upepo umeng'oa mabati matatu ya jirani. Zahanati haijafunguliwa, benchi la barazani limelowa. 0. Wako wapi leo, sijui.

Jumanne, 7 Mei

Jua kidogo. Napita kichochoroni, nakuta Amiri, fundi mwashi, anaipima ngazi ya uani kwa futi kamba.

"Amiri, wanaikarabati?"

"Wanaivunja, dada. Hapa inakaa stoo ya jenereta. Juu itakuwa ofisi ya kamati, wataingilia kwa ndani."

"Lini?"

"Mvua zikipungua. Wameniambia Jumamosi tarehe mosi Juni, saa mbili asubuhi niwe hapa na nyundo."

Nimemuuliza mara mbili kama nimesikia vizuri. Kufuli hufunguliwa. Viti hurudishwa. Lakini ngazi ikishavunjwa, hata wakitoa chumba kesho mwanamke atalazimika kupita kaunta na katikati ya wanaume thelathini, kila mmoja anajua ni mke wa nani. Hakuna atakayepanda. Kisha atakuja mtafiti mwingine na ubao wake, aandike kwamba wanawake hawakitaki.

Bi Nasrin alijua hili siku aliponipa tende? Siku ile ilikuwa Aprili 22. Amiri anasema kamati ilimwambia tarehe 15 ya mwezi huohuo.

Alijua.

Jumamosi, 18 Mei

Kamati imenipa dakika kumi. Watu saba mezani, Mzee Yunus pembeni akiandika kumbukumbu. Nimetandaza karatasi zangu: ukumbi wa chini siku arobaini, wanawake 3, na wote watatu walikuja kutafuta watoto wao. Mtungi, 49 kwa 6. Benchi la wagonjwa nimeliita "mahali pengine", sikulitaja. Nimesema kwa kinywa changu kwamba jedwali la nne ni kosa langu, nalifuta.

Mwinjuma akawa wa kwanza. Mtu mcheshi, si mbaya, ila anapenda kusikika.

"Dada Zaina, mwaka jana umetuletea asilimia sabini na tisa wamelala. Mwaka huu asilimia themanini na tisa wameamka. Hawa ni wanawake au popo?"

Wakacheka. Hata mimi cheko lilinijia.

"Tuwe wakweli," akaendelea. "Wanawake wa siku hizi wanataka mahali pa kukaa na simu. Angekuwepo anayesoma, si tungemjua? Mji wenyewe huu! Mimi nyumbani kwangu, mtu akinunua sindano najua."

Samia alikuja mpaka kwenye ncha ya ulimi wangu. Namuona na pembetatu zake ndani ya kadi ya kliniki. Neno moja tu na Mwinjuma angenyamaza mwaka mzima. Nikalimeza. Limeshuka kama mwiba wa samaki hongwe.

Mjumbe mwingine akasema, "Tupe majina. Hao arobaini na tisa, wataje, tukiwaona ni wasomaji tutafungua."

"Majina sina. Na ningekuwa nayo nisingetoa."

"Basi huna kitu. Punje za choroko!"

Nikamtazama Bi Nasrin. Alikuwa akitazama kikombe chake.

Nikasema, "Jina moja ninalo. Andika, Mzee Yunus. Zaina Kitwana. Miaka miwili nimepanda ngazi ile, nimesema napumzika."

"Wewe tunakujua," Mwinjuma akasema kwa ukarimu. "Wewe ulifaulu, kila mtu anajua, mara moja tu ukafaulu."

"Si mara moja."

Sijawahi kulisema hili kwa mtu. Mama hajui. "Mara ya kwanza nilipata sifuri. Daraja la sifuri, masomo yote. Nilirudi nyumbani nikapika, hakuna aliyejua kwa sababu hakuna aliyekuwa anajua kama nilifanya. Mwaka uliofuata nikapanda tena nikapumzika. Lau mji ungejua ile sifuri, nisingethubutu kurudi. Mnaniita mtu aliyejitengeneza mwenyewe. Nilijitengeneza mle, kwa kuwa hakuna aliyeniona nikiharibika."

Kalamu ya Mzee Yunus ilisimama, kisha ikaendelea. Mwinjuma alivua kofia yake akaikung'uta, ingawa haikuwa na vumbi.

Bi Nasrin akasema, "Ahsante, Zaina. Kamati imepokea. Tutakujulisha, inshallah."

Hii inshallah naijua. Ndiyo tunayompa mtu tusiyetaka kumwambia hapana.

Jumapili, 19 Mei

Sokoni muuza nazi ameniita "Bi Sifuri". Siku moja tu! Mji huu haukosi kasi ukitaka. Ummy amemtukana kwa niaba yangu kwa muda wa dakika nzima, sikuweza kumsimamisha.

Jumatano, 22 Mei

Benchi: 3. Samia hayupo. Muuguzi ameanza kuuliza kadi.

Alhamisi, 23 Mei

Benchi: 1.

Jumatatu, 27 Mei

Benchi: 0. Mvua zimepungua. Amiri ameshaleta toroli na mchanga kichochoroni.

Jumanne, 28 Mei

Leo saa nne nimekwenda kwa Bi Nasrin, Mzee Yunus akinisindikiza. Safari hii sikukaa, sikunywa kahawa.

"Shikamoo, Bi Nasrin."

"Marahaba. Keti, mwanangu, mbona umesimama?"

"Nimeleta barua."

"Si nilikwambia tutakujulisha?"

"Umeniambia mara mbili. Fundi ameambiwa mara moja, akapewa na saa."

Uso ulimbadilika. Sikufurahi kuuona. Aliipokea barua kwa mkono wa kulia na kutia sahihi kwenye nakala yangu, Mzee Yunus akiwa shahidi. Mzee alivaa koti, joto lote hili.

Nainakili hapa ilivyo, ili asitokee mtu wa kusema niliandika vingine.

Kwa Bi Nasrin, Mwenyekiti wa Kamati ya Wakfu.

Kwa heshima zote. Ripoti yangu ya Oktoba, ukurasa wa kumi na moja, jedwali la nne, ni ya makosa. Nimeifuta kwa maandishi na sababu nimezieleza mbele ya wajumbe saba. Uamuzi wa kufunga chumba cha juu ulisimama juu ya jedwali hilo. Jedwali limeanguka. Nauliza uamuzi umesimama juu ya nini sasa.

Sitaleta majina. Msiningojee kwa hilo.

Sikuombi unihurumie, wala ulifikirie, wala uliangalie. Nimekuheshimu tangu utoto wangu, na kwa heshima hiyohiyo nakuomba usinijibu kwa inshallah. Ngazi ya uani ibaki, au ivunjwe? Jibu ni neno moja, ndiyo ibaki au hapana, kwa maandishi, kwa sahihi yako na si ya kamati. Liwe mkononi mwa Mzee Yunus, kaunta ya maktaba, Ijumaa tarehe 31 Mei, kabla ya saa sita kamili adhuhuri. Nitakuwa nimekaa pale kaunta, katikati ya wanaume, toka saa tatu. Ndiyo au hapana?

Zaina Kitwana, Dunda.